Kupanda Jabali Linaloteleza Katika Miinuko ya Mlima Kenya: Mwongozo kwa Mpandaji wa Nairobi

Mpandaji aliyelelewa na majabali ya Lukenya, yaliyo kilomita 40 hivi kutoka katikati ya Nairobi ukifuata Barabara ya Mombasa, huwa amezoea mwamba unaomsaidia. Naisi, mwamba wa pale, ina chembe kubwa zinazouma vidole na kukamata soli, na hata mguu uliowekwa kwa uzembe mara nyingi hubaki ulipowekwa. Mtu huyo huyo akipanda hadi Bonde la Teleki, katika Mlima Kenya, akajaribu jiwe lisilozidi kimo chake mara mbili, lililosuguliwa na barafu hadi likang'aa kama sakafu ya benki, atashangaa kuona kwamba mikono yake yenye nguvu haimfai kitu. Nami nilishangaa hivyo. Nilianguka mara sita mfululizo katika hatua ileile ya pili, nikiwa nimeshika ukingo mzuri kwa mikono yote miwili, kwa sababu miguu iliniponyoka kabla sijaanza hata kuvuta.

Mwongozo huu unahusu majabali ya namna hiyo, yanayopandwa bila kamba, kwa viatu, chaki na godoro la kuangukia. Njia moja ya kulipanda jabali, kutoka chini hadi juu, nitaiita fumbo, kwa kuwa huteguliwa kwa akili kabla ya kuteguliwa kwa misuli. Katika jiwe linaloteleza, la kwanza ni miguu, la pili ni saa ya siku, na nguvu hufuata baada ya hayo mawili. Mpangilio wa maelezo yangu umefuata imani hiyo.

Tambua kilicholisugua jiwe

Jiwe huweza kulainishwa na barafu, na maji au na watu, na kila mmoja wa hao watatu huacha alama zake. Barafu nene inaposhuka bondeni hubeba mchanga na mawe katika sehemu yake ya chini, ikausugua mwamba kama fundi anavyosugua mbao kwa msasa. Kazi hiyo bado inaonekana vizuri mlimani, hasa kuzunguka barafu ya Lewis, ambayo kati ya mwaka 1934 na 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake, ikaacha wazi mwamba ambao haukuwa umeguswa na jua kwa muda mrefu sana. Ukiinama karibu na mwamba wa namna hiyo utaona michirizi myembamba inayokwenda upande mmoja, sambamba, na michirizi hiyo hukuambia barafu ilikuwa ikielekea wapi.

Habari hiyo ina faida kwa mpandaji. Mwamba ulioshikana na ardhi, ambao barafu iliupanda na kuupita, huwa laini upande uliotazama juu ya bonde, kule barafu ilikotoka, lakini upande uliotazama chini huwa umeng'olewa vipande, na hapo ndipo penye kingo na pembe za kushika. Ukifika mbele ya kichuguu cha mwamba kinachong'aa, kizunguke kwanza. Huenda upande wa nyuma ukawa na fumbo zuri ambalo hukulitarajia. Kanuni hii haifai kwa mawe yaliyobebwa na kubwagwa na barafu, kwa sababu hayo yamegeuzwa na kuviringishwa njiani, na uso wake laini unaweza kuwa upande wowote.

Aina ya mwamba nayo ni muhimu. Vilele vya Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, ni vya sienaiti ngumu, lakini kwenye mabonde utakutana pia na kenyiti, mwamba wa volkeno uliopewa jina kutokana na nchi yetu na mwanajiolojia J. W. Gregory, aliyeuzuru mlima huo mwaka 1893. Kenyiti ina fuwele kubwa za felspa zilizotapakaa ndani ya mwamba mweusi zaidi. Pale ambapo hali ya hewa imeula mwamba kidogo, fuwele hizo hubaki zimechomoza milimita chache, na milimita hizo ndizo ngazi yako. Pale ambapo barafu imezikata zikawa sawa na uso wa jiwe, utaziona kama madoa tu, na doa halikanyagiki.

Majabali ya mtoni, kama yaliyo kandokando ya Mto Naro Moru, yamelainishwa pande zote na mara nyingi yamevaa utando wa mwani usioonekana hadi mguu uukanyage. Ushauri wangu ni kuyaacha, isipokuwa yawe yamekauka kwa majuma kadhaa.

Jiwe lililosuguliwa na watu ni rahisi kulitambua: linang'aa mahali pachache tu, pale ambapo viatu vimepita mara elfu, nalo lina weusi wa mpira juu yake. Mafumbo ya zamani ya Lukenya yamefikia hali hiyo katika baadhi ya hatua zake za kwanza. Hapo usikanyage palepale ambapo kila mtu amekanyaga. Sogeza mguu sentimita 3 au 4 pembeni, kwenye ngozi ya jiwe iliyo bado mbichi, hata kama pale penye kung'aa panaonekana kuwa pakubwa zaidi.

Chagua msimu, kisha uupe mwili muda

Majira makavu ya Mlima Kenya ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Kwa kuwa mlima uko karibu kabisa na ikweta, jua halikai upande mmoja mwaka mzima: katikati ya mwaka huangaza zaidi nyuso zinazotazama kaskazini, na mwanzoni mwa mwaka huangaza zile za kusini. Mwezi Agosti, basi, tafuta jabali ambalo uso wake wa kupandia unatazama kaskazini au mashariki, kwa maana ule wa kusini unaweza kubaki na ubaridi na unyevu hadi adhuhuri.

Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari, jambo linalowafanya wengi wetu kudhani kwamba tumekwisha kuzoea miinuko. Hatujazoea. Kambi ya Mackinder, katika Bonde la Teleki, iko karibu mita 4,200, ambako kanieneo ya hewa ni kama asilimia 60 tu ya ile ya pwani. Madaktari wa milimani hushauri kwamba, ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kwa siku katika kimo unacholala. Njia ya Naro Moru haiheshimu ushauri huo hata kidogo: kituo cha Met Station kiko mita 3,050, na kambi inayofuata ndiyo hiyo ya Mackinder, mita 1,150 juu yake. Kwa hiyo lala usiku 2 Met Station, tembea juu mchana na urudi kulala chini, kisha upande. Ikiwa umebeba godoro mgongoni, utashukuru kwa siku hiyo ya ziada utakapofika kwenye sehemu ya tope la mwinuko iliyo juu ya msitu, ambako godoro huwa kama tanga na kila upepo hukusukuma unakotaka wenyewe.

Usipande siku ya kufika. Asubuhi inayofuata, kabla hujavaa viatu vya kupandia, jipime kwa njia hii: tembea hatua 10 katika mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Ukiyumba, usipande jabali lolote. Kuyumba huko ni dalili ya hatari ya kuvimba ubongo, na tiba yake ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku. Hali ni hiyohiyo kwa anayehema akiwa amekaa kitako bila kazi yoyote. Maumivu ya kichwa peke yake yanaweza kungojewa papo hapo ulipo, lakini yasipotulia, na hasa yakifuatana na kutapika, shuka. Anayefikiria kutumia asetazolamidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa miinuko, na azungumze na daktari Nairobi kabla ya safari.

Kuhusu taratibu, malipo ya hifadhi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hufanywa kupitia eCitizen, na mtu haruhusiwi kuingia peke yake. Sheria hiyo inaafikiana na mchezo wenyewe, maana jabali linaloteleza halipandwi bila mwenzio wa kusimama chini.

Vifaa, na hasa viatu

Viatu ndivyo nusu ya kazi. Kwa uso uliolala kidogo, ambao wapandaji huukanyaga kwa bapa la soli, chukua viatu laini, vinavyopinda, ili mpira ulale juu ya jiwe kwa eneo kubwa. Kwa uso uliosimama wenye kingo ndogo, viatu vigumu kidogo vinafaa zaidi, kwa sababu haviachi vidole vya mguu vifanye kazi yote. Ukilazimika kuchagua jozi moja tu, chagua laini. Viatu vipya kabisa vina ngozi ya kiwandani inayoteleza, na viatu vya zamani vina mng'aro wa vumbi lililoingia katika mpira. Vyote viwili husuguliwa kidogo kwa msasa laini hadi soli irudi kuwa nyeusi isiyong'aa. Fanya kazi hiyo nyumbani, wala usiipite kiasi, kwani mpira huo ni milimita 4 hivi tu.

Beba chaki kidogo, burashi ya nailoni laini au ya nywele, kitambaa kikavu cha pamba, kingine chenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, na kipande cha zulia cha ukubwa wa sinia. Burashi ya waya isiingie mlimani: inakwangua jiwe na kuzidisha utelezi unaoukimbia. Utomvu wa msonobari uliosagwa, ambao wapandaji wa Fontainebleau nchini Ufaransa waliutumia kwa miaka mingi, nao uuache, kwa maana huacha ngozi ya kung'aa juu ya jiwe na kuwaharibia wanaokuja nyuma.

Godoro la kuangukia si rahisi kupatikana madukani kwetu, lakini mafundi wa makochi wa Ngong Road wanaweza kukushonea ukiwaeleza vizuri. Chini weka sponji nzito, ile ya hai densiti, unene wa sentimita 8. Juu yake weka tabaka la sentimita 2 la povu gumu lisilonyonya maji, kama lile la mikeka ya kulalia kambini. Kisha lote livishwe turubai imara yenye mikanda ya kubebea. Upana wa mita 1 na urefu wa mita 1.3 unatosha. Tabaka gumu liwe juu daima, kwani ndilo linalosambaza uzito wa mtu anayetua kwa kisigino. Nimeona godoro lililogeuzwa likimezwa na mguu hadi kifundo kikateguka. Ujue pia kwamba sponji hukakamaa kwa baridi, kwa hiyo usiliache nje usiku. Lilalie.

Ngojea saa yake

Wapandaji wengi hukosea hapa, kwa kuwa wamezoea Lukenya, ambako shida ni joto na mtu hufika mapema alfajiri ili alikimbie jua. Mlimani, alfajiri ni wakati mbaya. Usiku halijoto hushuka chini ya nyuzi 0, na unyevu wowote uliokuwa juu ya jiwe hugeuka kuwa utando wa barafu mwembamba kama kioo cha saa, usioonekana kwa macho. Jiwe la kawaida lenye vinyweleo hunywa sehemu ya unyevu huo. Jiwe lililosuguliwa halinywi chochote, kwa hiyo maji yote hubaki juu, kati ya mpira na mwamba.

Ngoja jua liliguse jabali lenyewe, si bonde tu. Bonde la Teleki liko magharibi mwa vilele, hivyo vilele huweka kivuli asubuhi na jua huchelewa kufika chini. Likishaliangaza jiwe, lipe kama nusu saa, kisha lipime kwa nyuma ya mkono, mahali ambapo ngozi huhisi ubaridi upesi. Ukihisi ubaridi mkavu, anza. Ukihisi ubaridi wenye kunata, pangusa kwa kitambaa na ungoje tena. Mara nyingi utakuwa na saa 2 au 3 tu, kwa kuwa kuelekea adhuhuri mawingu hupanda kutoka bondeni na ukungu hulitandaza jasho lake juu ya kila kitu. Ukungu ukifika, fumbo limefungwa kwa siku hiyo. Hapana ujasiri unaokausha jiwe.

Muda huo wa kungoja si wa kukaa bure. Pasha mwili joto kwa kutembea kwenye mwinuko mdogo na kupanda mawe mepesi yasiyoteleza, na viatu vya kupandia viwe ndani ya koti, karibu na tumbo, kwa kuwa mpira uliogandishwa na baridi huwa mgumu na haujipindi kufuata maumbo ya jiwe. Chakula nacho kiwe ndani ya mfuko uliofungwa. Pimbi wa Mackinder hawaogopi mtu, nami nimewahi kupoteza chapati 2 kwa kugeuza kichwa tu.

Tengeneza mahali pa kutua

Kabla ya kuligusa jabali, tazama chini. Majabali mengi ya mlimani yamezungukwa na mawe madogo yenye mapengo katikati, na godoro moja haliwezi kuyafunika yote. Jaza mapengo kwa mifuko na nguo, kisha weka godoro juu, likilenga mahali ambapo mguu ukiponyoka mwili utaangukia, si mahali ambapo ungependa kuangukia. Usiyahamishe mawe yaliyoshikana na ardhi wala usikanyage lobelia na senesio kubwa. Mimea hiyo hukua polepole mno, na kidonda cha dakika moja huonekana kwa miaka.

Nina kanuni yangu mwenyewe, ambayo si lazima uikubali: juu ya mita 4,000 sipandi jabali ambalo miguu yangu itapita mita 3 kutoka ardhini. Lukenya, mtu akivunjika mguu hufikishwa hospitalini kabla ya chakula cha mchana. Bonde la Teleki, atabebwa kwa machela saa nyingi, kupitia tope lile lile ulilolilaani ukipanda.

Mlinzi, yaani mwenzio anayesimama chini, aelezwe kazi yake. Hadaki mtu kama mpira. Husimama mguu mmoja mbele, viwiko vimepinda kidogo, vidole gumba vimebanwa pamoja na vingine visije vikavunjika, na macho yake hutazama kiuno cha mpandaji badala ya mikono. Katika jiwe linaloteleza mguu huponyoka bila onyo lolote, kwa hiyo mlinzi asingoje kelele. Akikiona kiuno kikishuka ghafla, na akisukume kuelekea godoroni ili miguu itue kwanza na kichwa kisielekee mwambani.

Safisha, kisha lisome jiwe

Pangusa kila mahali utakapokanyaga kwa burashi, kisha kwa kitambaa kikavu. Chaki nyingi juu ya jiwe laini ni adui: katika mwamba wenye vinyweleo unga huingia ndani na kutulia, lakini juu ya uso uliosuguliwa chembe zake hubaki juu na kuviringika chini ya kidole kama ulezi uliomwagika sakafuni. Iondoe yote, hata ile uliyoiacha mwenyewe dakika moja iliyopita.

Kisha lisome jiwe kwa mwanga wa pembeni. Weka tochi karibu kabisa na uso wa jabali, ukiielekeza sambamba nao. Kila kichomozo na kila bonde dogo litatupa kivuli, na utaona vikanyagio ambavyo mwanga wa mchana uliokuja kutoka mbele ulivificha. Kazi hii hufanywa vyema jioni ya siku iliyotangulia, gizani. Weka nukta ndogo ya chaki pembeni mwa kila kikanyagio, kamwe si juu yake, na ukumbuke kuzifuta ukimaliza. Hesabu nukta hizo kwa sauti, kulia na kushoto, mpaka uweze kuzitaja ukiwa umefumba macho, kwa kuwa ukishakuwa juu hutaweza kuinama kutafuta.

Miguu

Simama kwenye kipande cha zulia. Pangusa soli kwa kitambaa chenye unyevu, kisha uzikaushe kwa kuzisugua kiganjani mpaka zilie. Soli iliyo safi hutoa sauti ya mlio kama ya kidole juu ya sahani iliyooshwa. Kutoka hapo mguu usiguse udongo tena. Tone moja la tope lililobaki kwenye ncha ya kiatu linatosha kukurudisha chini.

Msuguano hutegemea jinsi unavyokandamiza. Kadiri uzito wa mwili unavyoelekea ndani ya jiwe kupitia mguu, ndivyo mguu unavyoshika, na kadiri unavyojivuta karibu na jiwe kwa woga, ukilikumbatia kwa kifua, ndivyo uzito unavyoelekea chini badala ya ndani, na mguu ukateleza. Kwa hiyo katika uso uliolala, toa makalio nje, nyoosha mgongo, na uache kifua kiwe mbali na jiwe. Mwili utapinga. Kila kitu ndani yako kitakuambia ulikaribie jiwe, nawe itakubidi ukikatalie.

Shusha kisigino. Ukisimama kwa ncha ya kiatu juu ya uso laini usio na ukingo, unakanyaga kwa eneo la ukubwa wa sarafu. Ukishusha kisigino, mpira wote wa mbele hulala juu ya jiwe. Kwenye kichomozo cha fuwele hali ni kinyume: hapo ncha ya ndani ya kiatu, karibu na kidole gumba, ndiyo iwekwe juu yake, na kisigino kibaki sawa, bila kupanda wala kushuka.

Weka mguu mara moja, na usiusogeze. Mguu uliotulia hushika zaidi kuliko mguu uliokwisha kuanza kusogea, na ndiyo maana utelezi ukianza haukomi wenyewe. Utazame mguu mpaka umetua, uhesabu moja, ndipo uhamishe uzito, polepole na bila kurudi nyuma, kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa na kupita mlangoni. Kinachowaangusha wengi ni ile nusu ya hatua, pale mtu anapohamisha uzito, akasita, akarudi, na katika kurudi mguu ukapoteza ukandamizo wake. Ama nenda, ama usiende.

Hatua ziwe fupi. Hatua ndefu hukulazimu kusukuma kwa pembe, na msukumo wa pembe huutoa mguu. Pale ambapo fumbo linadai hatua ndefu, tafuta kikanyagio cha katikati hata kama ni kibaya. Kitumie kwa sekunde moja tu, kama daraja.

Mguu ukianza kutetemeka, shusha kisigino na upumue nje kwa nguvu. Katika mita 4,200 mtu hubana pumzi bila kujua, na sekunde 10 za kubana pumzi huko juu huchosha kuliko sekunde 30 za hapa Nairobi. Mimi hupumua nje kwa sauti kila ninapoweka mguu, na wenzangu hunicheka, lakini nimeshaacha kujali.

Mikono, na namna ya kumalizia juu

Mikono katika fumbo la namna hii husukuma kuliko kuvuta. Weka kiganja kizima juu ya uso, vidole vikitazama chini au pembeni, kisha usukume ili kupunguzia mguu mmoja uzito wakati unauinua. Mahali penye kona au kingo mbili zinazotazamana, sukuma mkono upande mmoja na mguu upande wa pili. Nguvu mbili zinazopingana hushika hata pale ambapo hakuna kishikizo chochote.

Ngozi ya vidole ina tabia ambayo mpandaji wa Nairobi haijui. Hewa ya juu ni kavu na baridi, hivyo vidole havitoki jasho, bali hukauka vikawa vigumu na vya kuteleza kama karatasi ya nailoni. Kuongeza chaki hapo ni kuongeza tatizo. Vipulizie pumzi ya joto, au uvilambe kidogo sana, kisha uvipanguse kwenye suruali. Unyevu ule mdogo huirudishia ngozi ulaini wake. Usiku paka mafuta ya kawaida, asubuhi yaoshe yote.

Juu ya jabali ndipo penye udanganyifu. Barafu iliyopita juu yake iliviringa ukingo wa mwisho, kwa hiyo mara nyingi hakuna cha kushika unapotaka kujiinua. Usirushe mikono mbele ukiparamia hewa. Inua mguu mmoja juu kwanza, hadi karibu na kiwiko, geuza viganja vitazame chini, inamisha kifua mbele ya viganja, na usukume mpaka kiuno kiwe juu ya mguu ule. Fanya mazoezi ya hatua hii mara nyingi Lukenya, juu ya jiwe la kimo cha kiuno, mpaka uweze kuifanya bila kuvuta chochote. Mazoezi mengine yanayosaidia ni kupanda uso mpole, wa kukanyagika kwa miguu peke yake, mikono ikiwa nyuma ya mgongo.

Kuanguka na kuacha

Mguu ukiponyoka katika uso uliolala, usijaribu kulishika jiwe kwa kucha, maana utaichuna ngozi na kujigeuza kichwa chini. Jisukume nje kidogo kwa viganja, tazama godoro, tua kwa miguu miwili huku magoti yamepinda, kisha ujiviringishe mgongoni, mikono ikiwa kifuani. Usijikinge kwa kunyoosha mkono nyuma. Viwiko na vifundo vya mikono huvunjika hivyo.

Kati ya jaribio moja na jingine pumzika dakika 5 kamili, ukiwa umevaa koti na kuvua viatu. Majaribio 8 mazuri kwa asubuhi moja yanatosha huko juu. Ukiona unateleza katika hatua ambayo ulikwisha kuipita, tazama kwanza soli, kisha jiwe, kisha anga. Kama vyote ni vikavu na safi, kilichochoka ni wewe, na siku imekwisha.

Kabla ya kuondoka futa nukta zote za chaki, kusanya zulia na magodoro, na uvae viatu vya kutembelea vyenye soli kavu. Njia ya kurudi kambini hupita juu ya vibamba vilevile vilivyosuguliwa, na wakati huo ukungu umeshavilowesha, nawe umebeba godoro linalokuficha miguu yako mwenyewe. Mwenye godoro atembee nyuma, na aliye mbele amtajie kila jiwe linalong'aa.